Ndugu Wawili wa Mwaka 1963

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mimi nimeshika mbili, na hadi leo hakuna iliyoniponyoka. Napenda anime, yaani katuni za Kijapani, na napenda vipindi vya runinga vya bunilizi za kisayansi, vile vya watu kusafiri toka sayari hadi sayari. Kwa sababu hiyo nasemwa na pande zote. Mashabiki wa anime huniambia eti vipindi vile vya watu halisi ni vya wazee wenye vipara. Wale wa upande wa pili nao hunicheka: "Wewe na ndevu zinakuota, bado unatazama katuni?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja pale chini ya mwembe wakati wa mapumziko. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Anime ni katuni yoyote iliyotengenezwa Japani. Si zote zinazohusu roboti na sayari. Ziko za kandanda, za mapishi, za mizimu, na hata za wanafunzi wanaohangaika na mitihani kama sisi. Bunilizi ya kisayansi nayo ni hadithi inayochukua jambo ambalo sayansi inalijua au inalikisia, kisha inauliza: je, hili likitimia, binadamu atakuwaje? Kwa hivyo anime ni namna ya kutengeneza, na bunilizi ya kisayansi ni namna ya kuuliza. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Wanadhani ni timu mbili zinazoshindana, kumbe moja ni chungu na nyingine ni mchuzi.

Sasa nitawaonyesha kwamba wawili hawa ni ndugu, tena wa rika moja. Tarehe 1 Januari 1963, runinga ya Fuji kule Japani ilianza kuonyesha Tetsuwan Atom, ambayo wengi wanaijua kama Astro Boy. Iliundwa na Osamu Tezuka, mtu aliyesomea udaktari kisha akachagua kuchora. Mwaka huohuo, tarehe 23 Novemba, shirika la BBC la Uingereza lilianza kuonyesha Doctor Who, hadithi ya msafiri anayepita katika nyakati na sayari mbalimbali. Na kama hujasahau somo la historia, tarehe 12 Desemba ya mwaka uo huo bendera ya Kenya ilipandishwa. Simaanishi kwamba mambo haya matatu yalipangwa na mtu. Nataka tu ukumbuke kwamba vitu hivi tunavyoviita vya kisasa vina umri sawa na taifa letu.

Ndugu hawa hawakuzaliwa kwa tajiri. Walizaliwa katika dhiki, na dhiki ndiyo iliyowapa sura waliyo nayo. Hebu tuangalie hesabu. Filamu hupitisha picha 24 kila sekunde. Ukitaka katuni itembee kwa ulaini kabisa, utachora picha 24 kwa sekunde moja, yaani 1,440 kwa dakika. Tezuka alikuwa na studio ndogo, na alitakiwa kutoa kipindi cha nusu saa kila wiki, tena kwa malipo yaliyokuwa chini ya gharama zake. Angewezaje? Alipunguza. Mara nyingi mchoro mmoja ulishikiliwa kwa picha tatu, hivyo michoro 8 ikatosha kwa sekunde, au 480 kwa dakika. Mtu akizungumza, mdomo peke yake ndio uliosogea. Michoro ya Atom akiruka angani iliwekwa kabatini ikatumiwa tena na tena. Ukitazama anime ya leo ukaona mtu amesimama kimya, nywele zikipepea, jicho likimeremeta, huku akiwaza kwa sauti kwa muda mrefu, ujue huo ni urithi wa ufukara ule. Kilichoanza kama kubana matumizi kiligeuka kuwa sanaa.

Upande wa pili mambo yalikuwa yaleyale. Chombo cha Doctor Who kilipaswa kubadilisha umbo kila kinapotua, kiwe mti hapa na mwamba kule. Kujenga umbo jipya kila mara kungegharimu pesa nyingi. Basi ikasemwa kwamba kimeharibika, na kikabaki vilevile, kibanda cha samawati cha polisi, na hadi leo watu wanakitambua kwa umbo hilo. Mwaka 1966 mwigizaji mkuu, William Hartnell, alikuwa mgonjwa, hawezi kuendelea. Wengine wangefunga duka. Wao walibuni kwamba mhusika huyo hafi bali hugeuka akawa mtu mwingine, na Patrick Troughton akachukua nafasi yake. Ugonjwa wa mtu mmoja ukakipa kipindi maisha marefu.

Marekani nako, tarehe 8 Septemba 1966, Star Trek ya Gene Roddenberry ilianza. Msafara wa Star Trek hauna desturi ya kutua na chombo kizima kwenye sayari. Watu husimama mahali pamoja, wakayeyuka katika mwanga, wakaibuka kule wanakokwenda. Unadhani ni ujanja wa wanasayansi? La hasha! Kuonyesha chombo kikubwa kikitua kila wiki kulikuwa ghali mno. Mwanga ule wenyewe ulitengenezwa kwa vumbi la alumini lililomwagwa mbele ya taa kali likapigwa picha. Hayo ndiyo mambo yanayonivutia mimi, mwana wa shule ya kutwa ambaye nyumbani tunasubiri stima irudi ndipo nimalize kazi ya ziada. Ninapotazama vitu hivi siwaoni watu waliokuwa na kila kitu. Nawaona watu waliokosa, wakafikiri.

Tukitoka kwenye umbo tuingie kwenye kiini. Ndugu hawa wanauliza swali gani? Nilimsimulia nyanya yangu hadithi ya Atom. Nikamwambia kulikuwa na mtaalamu aitwaye Tenma ambaye mwanawe alikufa katika ajali ya gari. Kwa uchungu akaunda roboti aliyefanana na mwanawe. Baada ya muda akagundua kwamba mtoto huyo wa chuma hakui, hata inchi moja. Akakasirika akamuuza kwa watu wa sarakasi. Nyanya, ambaye alitulea kwa ngano za mazimwi, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Na huyo mtoto wa chuma, yeye alilia?" Wajameni, nyanya yangu hajui chochote kuhusu roboti, lakini aliligusa swali lenyewe moja kwa moja. Anayetendewa unyama ni mtu au si mtu? Nani anaamua?

Swali hilo ndilo lile lile lililoulizwa na Star Trek ya kizazi cha pili, iliyoonyeshwa kutoka 1987 hadi 1994. Humo mna afisa aitwaye Data ambaye ni mtambo wenye sura ya mtu. Katika sehemu moja ya mwaka 1989, iitwayo The Measure of a Man, mtafiti mmoja anataka kumfungua Data vipandevipande ili atengeneze wengine wengi kama yeye. Data anakataa. Kesi inafanywa: je, Data ni mali ya jeshi au ana haki ya kujiamulia? Mle kesini mnadokezwa kwamba ukiunda maelfu ya viumbe wa aina hiyo ukawatumikisha pasi na hiari yao, hicho ni kitu gani kama si utumwa? Sisi tulio na historia ya biashara ya watumwa katika pwani yetu hatuhitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Tazama basi: Mjapani amechora, Mmarekani ameigiza, nyanya amesikiliza akiwa jikoni, na wote watatu wamefika mahali pamoja.

Anime nyingine, Mobile Suit Gundam ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino, inauliza kuhusu vita. Mhusika wake mkuu, Amuro Ray, ana miaka 15, mmoja chini ya yangu, naye anajikuta akiendesha roboti kubwa la kivita bila kutaka. Maadui zake ni watu wanaoishi angani waliotangaza vita vya kujitenga na utawala wa dunia. Madai yao yana ukweli ndani yake, lakini matendo yao yanatisha. Hakuna upande uliovaa nyeupe tupu. Sasa aniambie mtu kwamba hiyo ni hadithi ya chekechea.

Labda utauliza, kama vitu hivi vilikuwa vizuri hivyo, mbona vilipata taabu? Hapa ndipo shabiki anapoingia, na hapa ndipo nataka wanaonicheka wasome polepole. Anime iitwayo Space Battleship Yamato ilianza mwaka 1974. Watazamaji walikuwa wachache, na badala ya sehemu 39 zilizokusudiwa ikakatwa kufika 26. Ilipoonyeshwa tena watu wakaipenda, na mwaka 1977 ikafanywa filamu ya sinema iliyojaza kumbi. Gundam nayo ilipangiwa sehemu 52 ikakatizwa kwenye 43. Kuanzia 1980 mifano yake ya plastiki ikaanza kuuzwa madukani, vijana wakainunua kama njugu, na leo Gundam ni mojawapo ya majina makubwa ya Japani. Star Trek ilikaribia kufutwa, mashabiki wakaandika barua kwa maelfu, ikaongezewa msimu wa tatu. Ilifutwa mwaka 1969 baada ya sehemu 79, lakini marudio yake yakapata wapenzi wengi kuliko mwanzo. Tena mwaka 1973 ilirudi ikiwa katuni, sehemu 22, na waigizaji wengi walewale wakitoa sauti zao. Naam, katuni! Walio wakali juu ya katuni hawajui kwamba Star Trek yenyewe iliwahi kuwa katuni.

Na mapenzi hayakuwa ya upande mmoja. Rick Sternbach na Michael Okuda, waliochora mitambo na vibao vya Star Trek ya kizazi cha pili, walikuwa mashabiki wa anime. Waliyaficha majina ya Kei na Yuri, mashujaa wa anime iitwayo Dirty Pair, katika maandishi madogo ya mandhari ya kipindi chao. Mtazamaji wa kawaida hakuyaona. Shabiki wa vyote viwili aliyaona akacheka peke yake. Kwa hivyo shabiki wa vyote viwili si mtu wa ajabu aliyezuka katika shule yetu. Alikuwepo zamani, tena ndani ya studio.

Najua kuna mwanachama anayesema, "Haya yote ni ya wageni. Kiswahili kinaingilia wapi?" Kinaingilia mlango wa mbele, ndugu yangu. Afisa wa mawasiliano katika ile Star Trek ya kwanza, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, anaitwa Uhura. Jina hilo lilitolewa katika neno letu uhuru. Usiku ule wa kwanza, Septemba 1966, kiumbe mmoja mwenye uwezo wa kujigeuza alimjia Uhura katika umbo la mwanamume akamsemesha kwa Kiswahili. Miaka isiyofika mitatu baada ya bendera yetu kupanda, lugha ya nyanya zetu ilikuwa ikisikika katika runinga ya Marekani, tena angani! Nichols mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha kazi hiyo, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa kuwa watu weusi walikuwa wakijiona katika siku za usoni kupitia kwake. Baadaye alilisaidia shirika la NASA kutafuta wanaanga miongoni mwa wanawake na watu weusi. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, alikuwa amekua akimtazama Uhura. Na katika Strange New Worlds, iliyoanza 2022, tunaelezwa kwamba Uhura alikulia Kenya. Doctor Who nayo, kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi 2025, iliongozwa na Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1992, familia yake ikakimbilia Uskoti wakati wa mauaji ya halaiki ya 1994. Jirani yetu ndiye aliyeshika funguo za kibanda kile cha samawati.

Sasa niwe mkweli kuhusu upande mwingine, maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mimi sitaki kuivuta yote. Katika mjadala wa chama chetu muhula wa pili, hoja ilikuwa kwamba katuni na filamu za kisayansi zinapotosha vijana. Sisi wapinzani tulishindwa kwa kura nyingi, na ikapendekezwa vitu hivi visionyeshwe tena siku tunapopewa runinga ya ukumbini. Pendekezo hilo bado halijaamuliwa. Waliotushinda walikuwa na sababu mbili nzito, nami siwezi kuzipuuza.

Ya kwanza ni muda. Chukua anime kama One Piece, iliyoanza 1999 na kupita sehemu ya 1,000 mwaka 2021. Kila sehemu ni kama dakika 24. Zidisha: sehemu 1,000 ni dakika 24,000, yaani saa 400. Ukigawanya kwa vipindi vyetu vya darasani vya dakika 40, unapata vipindi 600! Mwanafunzi wa kidato cha nne akianza kuitazama leo, mtihani utamkuta bado yuko baharini na maharamia. Kwa hivyo mimi nimejiwekea sheria: Jumamosi jioni tu, baada ya kufua sare na kuteka maji, na sehemu mbili zikiisha simu inarudi kwa mwenyewe, ambaye ni kaka yangu. Sababu ya pili ni kwamba si kila katuni ni ya mtoto. Ziko zilizotengenezwa kwa watu wazima, zenye damu na mambo ya aibu. Mzazi anayeona michoro akadhani yote ni salama kwa mdogo wako amekosea, na ni wajibu wetu sisi tunaozijua kumweleza.

Lakini dawa ya maji machafu si kuacha kunywa maji. Dawa ni kuyachemsha. Na mimi nadai kwamba chama cha Kiswahili ndicho jiko lenyewe. Nilipokuwa nikimsimulia nyanya, sikuweza kutumia Kiingereza hata kidogo. Ilinibidi nitafute: chombo cha angani, mtu wa chuma, mwendo upitao mwanga, kuyeyuka hapa na kuibuka kule. Maneno yalipatikana. Lugha haikuniangusha hata mara moja, na niliona inanoga kuliko yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya skrini. Tukizifukuza hadithi hizi katika chama, vijana hawataacha kuzitazama. Watazitazama wakiwa hawana Kiswahili cha kuzizungumzia, basi.

Tena kazi hii imeshaanzwa na waliotutangulia. Mwaka 1995 Katama Mkangi alitoa riwaya ya Walenisi, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatupwa ndani ya chombo kinachopaa, na badala ya kufa anafika katika nchi yenye haki. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa hapa kwetu alitoa filamu ya Pumzi, dakika 20 hivi, kuhusu dunia iliyokauka baada ya vita vya maji na msichana Asha anayeibeba mbegu moja nje jangwani. Mwaka 2023 ikatoka Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni 10 za bunilizi za kisayansi kutoka Afrika, na mojawapo, Enkai, iliongozwa na Mkenya Ng'endo Mukii. Katuni na bunilizi ya kisayansi katika chungu kimoja, na jina la Kiswahili mlangoni. Wale ndugu wawili wa 1963 wamefika kwetu. Kazi iliyobaki ni kuwakaribisha ndani.

Ombi langu kwa wanachama na walimu wetu walezi ni dogo. Tuonyeshwe Pumzi siku moja ukumbini, kisha kila anayependa aandike hadithi fupi ya kurasa mbili kuhusu mji wetu miaka 100 ijayo. Maji yatatoka wapi? Matatu itaendeshwa na nani? Roboti akiibiwa mshahara wake atamshtakia nani? Hatuna studio, hatuna pesa, tuna kalamu na madaftari ya kurasa 96. Tezuka alianza na upungufu, BBC ikaanza na kibanda, Roddenberry na vumbi la alumini.

Na kwa wale wanaoniuliza kila siku nafaidika nini na watu wa sayari za mbali, nawaachia jina la ile riwaya ya marehemu Mkangi mlifumbue wenyewe. Likate vipande vitatu, ulisome polepole: wale ni sisi.